AFYA YA FAMILIA: KULA VIZURI KWA FEDHA KIDOGO

Katika ukurasa huu tumezoea kuongea juu ya magonjwa na dawa zake. Leo twapenda kuongea juu ya chungu kilichoko jikoni kwako. Magonjwa mengi ya watoto tunayohangaika nayo yameanzia pale, na mengine yangeweza kuzuiwa pale pale pasipo kununua dawa hata moja.

Kliniki ya watoto ina mazungumzo yake ya kila siku. Mtoto hupandishwa kwenye mzani, uzito unaonekana haukuongezeka tangu mwezi uliopita. Muuguzi anamwambia mama: "Mpe mtoto chakula bora." Mama anajibu akitazama chini: "Sista, hicho chakula bora ni cha wenye fedha." Mazungumzo hukomea hapo. Muuguzi anaandika kwenye kadi, mama anamfunga mtoto mgongoni na kurudi nyumbani na shauri asiloweza kulitumia.

Sisi twadhani wote wawili wana haki kidogo, na wote wawili wamekosea kidogo. Fedha ni tatizo la kweli. Hatutaki kumhubiria mtu ambaye tangu asubuhi anafikiri watoto watakula nini jioni. Lakini si kweli kwamba chakula bora ni nyama, maziwa ya kopo, mkate na siagi. Wala si kweli kwamba penye chakula kingi watoto huwa na afya. Hilo la pili tulieleze kwanza.

GHALA LIMEJAA, MTOTO AMEDUMAA

Utafiti wa afya wa nchi nzima uliofanyika mwaka 2022 ulionyesha kwamba kati ya watoto 100 wa Tanzania wenye umri chini ya miaka mitano, 30 wamedumaa. Kudumaa maana yake mtoto ni mfupi kuliko inavyopasa kwa umri wake, kwa sababu mwili umekosa vya kujengea kwa muda mrefu. Mtu angetegemea kwamba wengi wao ni wa mikoa ya ukame. Sivyo. Mkoa ulioongoza ulikuwa Iringa, watoto 57 kati ya 100, ukifuatiwa na Njombe na Rukwa, ambako ni karibu 50 kati ya 100. Hii ndiyo mikoa inayolisha nchi! Malori ya mahindi yanatoka huko kwenda Dar es Salaam, na watoto wanaobaki nyuma ya malori hayo wamedumaa.

Sababu si moja. Mama yuko shambani tangu alfajiri hadi jioni, na mtoto wa mwaka mmoja anashinda na dada yake wa miaka saba, akila mara mbili kwa siku. Maharage na mayai yanauzwa yote, nyumbani yanabaki mahindi. Mtoto anaharisha mara kwa mara kwa sababu ya maji machafu, na kila akiharisha kile kidogo alichokula kinapotea. Zaidi ya yote, chakula ni cha aina moja: ugali asubuhi kwa jina la uji, ugali mchana, ugali jioni. Tumbo limejaa, mwili una njaa.

Ubaya wa kudumaa ni kwamba hakuumi. Mtoto mwenye homa hulia, mzazi akakimbia zahanati. Mtoto anayedumaa hucheza na wenzake, na watu husema, "Ni mfupi kama babu yake." Kumbe na ubongo umepungukiwa katika wakati ule ule ulipokuwa unajengwa. Wakati huo ni tangu mimba inapotungwa hadi mtoto atimize miaka miwili. Baada ya hapo ni vigumu sana kurudisha kilichopotea. Kwa hiyo familia yenye fedha kidogo, ikiwa lazima ichague nani apewe yai moja lililopo, sisi twasema bila kusita: mama mjamzito, au mtoto aliye kati ya miezi sita na miaka miwili.

MAHARAGE SI CHAKULA CHA AIBU

Wengi wetu tulifundishwa shuleni makundi matatu ya chakula: vya kutia nguvu, vya kujenga mwili, na vya kulinda mwili. Siku hizi wataalamu huhesabu makundi zaidi, lakini kwa mtu anayesimama gengeni na noti moja mkononi yale matatu yanatosha kumwongoza. Vya kutia nguvu tunavyo: mahindi, mihogo, viazi, ndizi, mtama, mchele. Shida yetu iko kwenye vya kujenga na vya kulinda, na hapo ndipo watu hudhani panahitaji fedha nyingi.

Tuanze na maharage. Nusu kilo ya maharage makavu ina protini sawa na nusu kilo ya nyama ya ng'ombe mbichi, au hata kuizidi kidogo. Nenda sokoni ukalinganishe bei zake mwenyewe. Tena nusu kilo ya nyama ikiisha kupikwa husinyaa, lakini nusu kilo ya maharage hujaza sufuria. Ni kweli protini ya maharage peke yake haikukamilika. Ila kile kinachopungua kwenye maharage kipo kwenye mahindi, na kile kinachopungua kwenye mahindi kipo kwenye maharage. Bibi zetu waliopika kande hawakusoma kemia, lakini walikuwa sahihi. Kunde, choroko, mbaazi, dengu na njugu mawe zina kazi ile ile. Nunua ambayo bei yake iko chini wiki hiyo.

Mama atasema: maharage yanakula mkaa. Ni kweli, na mkaa nao ni fedha. Basi fanya hivi. Yachambue, yaoshe, uyaloweke usiku kucha. Asubuhi mwaga maji yale, weka maji mapya, chemsha kwa nguvu angalau nusu saa. Usipunguze muda huo, hasa kwa maharage mekundu, maana yakiwa mabichi yana sumu inayoleta kutapika na kuharisha, na sumu hiyo huisha kwa kuchemka barabara. Kisha chukua kapu kubwa uliloliwekea ndani blanketi kuukuu, nguo chakavu au majani makavu ya migomba. Ingiza sufuria humo ikiwa na mfuniko wake na maji bado yanatokota, ifunike juu kabisa kwa mto au nguo nzito, uende shambani. Saa tatu au nne baadaye utakuta yamelainika kwa joto lake lenyewe. Yachemshe tena kidogo, uyaunge. Kapu hilo halinunuliwi dukani.

Usiweke magadi. Tunajua yanalainisha upesi, lakini yanaua vitamini mojawapo ya zile za kundi B, nayo ndiyo sehemu ya faida uliyoitolea fedha. Halafu jambo moja kuhusu chai. Chai ya rangi ikinywewa pamoja na maharage au mboga za majani huzuia madini ya chuma yasiingie mwilini, na chuma ndicho kinachotengeneza damu. Kunywa chai yako saa moja au mbili baada ya chakula. Wakati wa kula, kamulia limao au ule kipande cha embe, papai au chungwa: hivyo husaidia chuma kuingia. Kwa mama mjamzito anayeambiwa kila mara kwamba damu ni pungufu, limao moja mezani lina maana.

DAGAA, MAJANI NA YAI

Pamoja na sifa zote hizo, maharage hayana kila kitu. Kuna vitamini iitwayo B12 ambayo hupatikana katika vyakula vya wanyama tu, na chuma cha nyama na samaki huingia mwilini kwa urahisi kuliko cha mimea. Hapo ndipo dagaa wanapotusaidia. Dagaa mkavu huliwa mzima, nyama na mifupa, kwa hiyo hujenga mwili na kuimarisha mifupa pia. Chagua wanaong'aa, waliokauka vizuri, wasio na harufu ya kuoza. Waliokaushwa mchangani ni rahisi, lakini utanunua mchanga kwa kilo. Kwa mtoto mdogo, safisha dagaa, wakaange bila mafuta hadi wakauke kabisa, uwatwange wawe unga, uuchekeche. Weka kwenye kopo lenye mfuniko. Kijiko kimoja cha unga huo katika uji au katika mboga ya mtoto kila siku kinafanya kazi ambayo mchuzi wa nyama haufanyi.

Juu ya mchuzi tuseme wazi. Katika nyumba nyingi kitoweo kikipikwa, baba hupewa vipande, wakubwa hupewa vilivyobaki, na mdogo huchovyewa tonge katika mchuzi. Mama hudhani nguvu ya nyama imeingia kwenye mchuzi. Haikuingia. Mchuzi ni maji, chumvi na mafuta kidogo. Kilicho cha kujenga mwili kimebaki katika kipande. Ndugu baba wa familia, heshima yako haipungui ukikata kipande chako, ukakichambua nyuzi nyuzi na kumpa mtoto wa mwaka mmoja. Tumewaona wanaume wachache wakifanya hivyo, na mezani kwao mama hana haja ya kuificha nyama ya mtoto chini ya ugali.

Majani twayadharau kwa sababu yanaota bure. Mchicha, matembele, majani ya maboga, majani ya kunde, mnafu, kisamvu: yote yana vitamini A inayolinda macho na kumsaidia mtoto kupigana na magonjwa. Yaoshe kabla ya kuyakata, siyo baada. Yapike muda mfupi. Usiyakamue ukamwaga maji yake. Weka mafuta kidogo au karanga zilizotwangwa, kwa sababu vitamini A haiingii mwilini pasipo mafuta. Kisamvu peke yake ndicho kisichopikwa upesi: kina sumu, lazima kitwangwe na kuchemshwa kwa muda mrefu, chungu kikiwa wazi.

Wale wa mjini wasio na kiwanja watumie gunia. Lijaze udongo uliochanganywa na samadi, katikati weka nguzo ya kokoto ili maji yafike chini, toboa matundu pembeni, upande matembele na mchicha. Mwagilia kwa maji uliyooshea mboga na mchele. Baada ya wiki tatu hivi utaanza kuchuma mchicha. Gunia mbili mlangoni humpunguzia mtu safari nyingi za gengeni.

Kuhusu yai, tunasikia bado katika baadhi ya vijiji kwamba mama mjamzito asile mayai, mtoto atazaliwa na upara. Watoto wengi huzaliwa na nywele chache, mama awe amekula mayai au hakula. Mwiko huu huenda ulikuwa na maana yake zamani, lakini leo unamnyima chakula yule hasa anayekihitaji. Kuku wako wakitaga mayai kumi, uza sita, manne yaliwe nyumbani. Hatusemi usiuze kabisa, maana ada na sabuni zinatoka hapo hapo.

FEDHA INAVUJIA WAPI?

Kabla ya kusema "sina," tuangalie kwanza zinavyotoka. Mama anauza mayai, anamnunulia mtoto soda kwa upendo. Chupa ya soda ya mililita 350 ni maji yenye sukari vijiko vya chai vinane au zaidi. Hakuna kingine ndani yake ila rangi, hewa na ladha. Mtoto akinywa hashiki tena uji wake, kwa kuwa tumbo limejaa. Biskuti na vile vitu vya kutafuna vya pakiti navyo ni hivyo hivyo. Bei ya soda moja inanunua mayai mangapi kwenu? Piga hesabu hiyo.

Uvujaji wa pili uko mashineni. Tunapeleka mahindi yetu, tunalipa yakobolewe, tunalipa yasagwe, tunarudi na sembe nyeupe nzuri, na pumba tunampa nguruwe. Katika pumba zile kimekwenda kiini cha punje na ganda lake, ambamo mna sehemu kubwa ya vitamini za kundi B, chuma, mafuta na nyuzinyuzi. Nguruwe ananenepa. Dona inagharimu kidogo, inashibisha zaidi, na inafaa hata kwa wazee wenye kisukari kuliko sembe. Kasoro yake ni moja: haikai muda mrefu, mafuta ya kile kiini yanachacha. Basi saga kidogo kidogo, ya wiki mbili au tatu. Wanaosema dona ni ya wafungwa na wanafunzi wa bweni, tunawaacha na sembe yao.

Tatu, kununua kidogo kidogo. Mafuta ya kupimiwa kwa kijiko, sukari ya kufunga kwenye karatasi, maharage ya kikombe: kila mara unalipa zaidi kuliko anayenunua kwa wingi. Maskini ndiye anayenunua kwa bei ya juu. Tunajua kwamba anayelipwa kwa siku hawezi kununua debe. Lakini familia tano au sita za jumuiya moja zinaweza kuweka fedha pamoja wakati wa mavuno, maharage yanapokuwa na bei ya chini, wakanunua gunia na kugawana kwa kipimo. Yakaushwe vizuri juani na kufungwa katika chombo kisichopitisha hewa, hapo wadudu hufa. Miezi ya Januari na Februari, bei ikipanda, watakuwa na cha kupika.

La nne linatugusa sisi Wakristo. Komunyo ya kwanza, kipaimara na arusi ni furaha, nasi hatuzikatai. Lakini kuna nyumba inayochinja, inayopika pilau na kununua kreti za soda kwa ajili ya watu mia, kisha inakula ugali kwa chumvi miezi miwili kulipa deni. Mtoto aliyefanyiwa sherehe ndiye anayelipa deni hilo kwa mwili wake. Parokia zinazokubaliana kuwafanyia watoto wote sherehe moja ya pamoja, chai na mandazi, zimefanya kazi ya afya pengine bila kujua.

Tutaje na ule unga uitwao wa lishe, wenye ngano, mchele, mahindi, mtama, ulezi, soya, karanga na vingine hadi kumi, unaouzwa kwa bei ya kutisha. Wingi wa nafaka ndani ya mfuko mmoja hauongezi kitu. Nafaka zote hufanya kazi karibu moja. Soya isipokaangwa au kuchemshwa vizuri kabla ya kusagwa humsumbua mtoto tumbo. Karanga zikisagwa pamoja na unga huharibika upesi. Nafaka moja inatosha, ila ipikwe pamoja na vya kujenga mwili ulivyoviongeza mwenyewe siku ile ile.

UJI WA KIMEA

Sasa tufike kwa mtoto mdogo hasa. Hadi atimize miezi sita anyonye maziwa ya mama tu, hata maji asipewe. Baada ya hapo aendelee kunyonya hadi miaka miwili au zaidi, lakini aanze kula: mara mbili hadi tatu kwa siku akiwa na miezi sita hadi minane, mara tatu hadi nne kuanzia miezi tisa, na kitu kidogo katikati, kama ndizi mbivu au parachichi. Parachichi lina mafuta mazuri, na katika nyanda za juu msimu wake ukifika huoza chini ya miti.

Shida ya uji ni hii. Tumbo la mtoto wa miezi saba linachukua kama kikombe kimoja kidogo tu. Uji mzito hawezi kumeza. Mama anauongeza maji uwe mwepesi, na sasa kikombe kile kina maji matupu na unga kidogo sana. Mtoto anashiba, baada ya saa moja analia. Wakati wa mpango wa lishe ulioendeshwa vijijini mkoani Iringa miaka ya 1980, akina mama walifundishwa kutumia kimea, kitu ambacho wapika pombe na togwa wanakijua tangu zamani.

Kimea hutengenezwa hivi. Chukua ulezi safi, uloweke katika maji safi usiku mmoja. Umwagie maji, uutandaze kwenye gunia au kitambaa chenye unyevu, ufunike siku mbili mpaka uchipue. Uanike juani ukauke kabisa, usugue vichipukizi vitoke, usage. Usitumie mtama kwa kazi hii kama hujui, kwa sababu vichipukizi vyake vina sumu.

Kisha pika uji mzito, karibu na ugali laini, wenye unga mara mbili kuliko kawaida. Uipue, uache upoe kidogo. Ukiwa bado unatokota kimea kitakufa na hakitafanya kazi. Weka kijiko kidogo cha unga wa kimea, ukoroge. Dakika chache tu utaona ajabu: uji unalegea, unakuwa mwepesi kama maji, na unga wote bado umo ndani. Rudisha motoni uchemke mara moja kuua vijidudu. Weka unga wa dagaa au karanga zilizokaangwa na kutwangwa laini sana. Kikombe hicho kimoja ni sawa na viwili vya uji ule wa maji.

RAHISI INAYOUA

Kuna ubanaji wa fedha ambao hatuwezi kuukubali. Mahindi au karanga zenye ukungu, zilizobadilika rangi au kusinyaa, huuzwa kwa bei ya chini, na mtu hujiambia, "Nikiosha yatafaa." Ukungu huo hutoa sumu iitwayo sumukuvu, ambayo haitoki kwa kuosha wala haifi kwa kupika. Mwaka 2004, mashariki mwa Kenya, watu 317 waliugua kwa kula mahindi ya namna hiyo na 125 wakafa. Mwaka 2016 watu waliugua na kufa hapa kwetu pia, Dodoma na Manyara. Kidogo kidogo kwa miaka mingi sumu hiyo huleta saratani ya ini. Kausha mahindi juu ya turubai, siyo kwenye udongo. Yaweke juu ya chaga, mbali na ukuta. Chambua punje mbovu moja moja kabla ya kwenda mashineni. Na kwa anayekula dona hili ni la lazima zaidi, kwa sababu hakuna ganda linaloondolewa. Punje mbovu usimpe kuku. Sumu ile inamdhuru naye.

Mihogo michungu nayo isifupishiwe njia wakati wa njaa. Mwaka 1985 huko Tarime watu walipooza miguu kwa kula mihogo ambayo haikulowekwa na kukaushwa siku za kutosha.

Na chumvi: nunua ile ya pakiti iliyoandikwa kuwa ina madini joto, uitie chakula kikikaribia kuiva, ufunike kopo lake. Tofauti ya bei ni ndogo sana, na yule anayeikosa akiwa mjamzito anaweza kumzaa mtoto mwenye akili pungufu.

UKIONA HAYA, USINGOJE

Katika miaka ya 1930 daktari Cicely Williams, mzaliwa wa Jamaica aliyefanya kazi Ghana, aliuliza akina mama wa kabila la Ga jina la ugonjwa uliowavimbisha watoto wao. Wakamwambia ni kwashiorkor, ugonjwa anaoupata mtoto mdogo wake anapozaliwa. Sisi twauita kwashakoo, na akina mama wale walikuwa wameshaona sababu yake: mtoto huachishwa ziwa kwa ghafla kwa ajili ya mdogo wake, akawekwa kwenye uji mtupu.

Mtoto wa kwashakoo hudanganya macho. Mashavu yamejaa, na majirani humsifu kwa unene. Bonyeza juu ya nyayo zake zote mbili kwa kidole gumba, uhesabu hadi tatu, uachie. Pakibaki shimo, huo si unene, ni maji. Nywele hugeuka kuwa nyepesi na nyekundu, ngozi hubanduka, mtoto hataki kucheza wala kula. Mwenzake, mwenye nyongea, hukonda akabaki ngozi na mifupa, uso kama wa mzee. Katika kituo cha afya kuna utepe wa kupimia mkono wa juu. Kwa mtoto wa miezi sita hadi miaka mitano, ukionyesha chini ya sentimita 11.5, rangi nyekundu, hali ni ya hatari.

Hapo usijaribu kumrudishia nguvu nyumbani kwa kumlisha sana kwa mara moja, maana mwili ulioishiwa hauwezi kuchukua na anaweza kufa. Mpeleke hospitali siku ile ile. Mfunike asipate baridi, umnyonyeshe njiani kama bado ananyonya, na uchukue kadi yake.